Haina Ratiba, Ina Tabia: Kuivizia Treni ya Mizigo Kati ya Mtito Andei na Mariakani

Kuiona treni ya abiria si kazi. Saa zake zimeandikwa kwenye tiketi, na mtoto yeyote wa Voi atakuambia inapita lini. Treni ya mizigo ni habari nyingine. Hiyo haitangaziwi mtu. Huondoka bandarini ikishajaa, husimamishwa porini ikibidi, hupita usiku wa manane watu wakiwa wamelala, kisha kesho yake zikaonekana mbili zikifuatana kabla hujamaliza chai. Ndiyo maana wengi wetu huiona kwa bahati tu, kupitia dirisha la basi, na tukifika nyumbani tuna neno moja la kusimulia: ilikuwa ndefu.

Mvuvi naye hapewi ratiba na samaki. Hujua bamvua na maji mafu, akapanga siku yake. Treni ya mizigo huviziwa vivyo hivyo. Saa yake huijui, lakini reli inayopitia unaweza kuijua vizuri sana, na reli ya Mombasa na Nairobi inasomeka kuliko nyingi.

Zipo mbili, kwanza kabisa, na zinakwenda karibu sambamba. Ya zamani ilianza kutandazwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Nairobi 1899. Upana kati ya chuma na chuma ni mita moja. Ya pili, SGR, ilianza kubeba abiria mwishoni mwa Mei 2017 na mizigo mapema 2018. Upana wake ni milimita 1,435. Kwenye SGR mizigo ni mingi, lakini kuna uzio, kuna tuta refu, na treni inapita kwa kasi. Kwenye reli ya zamani unaweza kukaa kutwa nzima usione hata toroli la mafundi, ila ikija, huja polepole, karibu nawe, na unaikagua behewa kwa behewa. Nikiulizwa mimi, SGR ni ya kujifunzia na reli ya zamani ni ya kupendea. Kwa hiyo tuanze na SGR.

Njia ni moja, na hilo ndilo linalokusaidia

SGR yetu ni ya njia moja. Treni inayopanda kwenda Nairobi na ile inayoshuka kwenda Mombasa zinatumia chuma zile zile, na haziwezi kupishana mahali popote isipokuwa kwenye stesheni au kituo chenye njia ya pembeni. Hapo moja huingia pembeni, ikasimama, ikangoja mwenzake apite. Kwa kawaida anayengoja ni mzigo. Abiria wana tiketi zenye saa. Kontena la vigae halilalamiki.

Ukishalielewa hilo, treni ya abiria inakuwa saa yako ya ukutani. Chukua ile ya asubuhi inayosimama njiani. Kwa ratiba iliyozoeleka, moja huondoka Nairobi na nyingine Mombasa kwa wakati mmoja, saa mbili asubuhi, nazo hukutana karibu na katikati ya safari, pande za Mtito Andei, mnamo saa tano. Alasiri kuna ya mwendo wa haraka, inayoondoka kila upande saa tisa, na usiku kuna ya saa nne. Saa hizi hubadilishwa mara kwa mara, hasa msimu wa sikukuu, kwa hiyo tazama ratiba ya sasa kabla ya kutoka nyumbani. La kukariri hapa ni mpangilio wenyewe: treni mbili za abiria zinazotoka ncha mbili kwa wakati mmoja zinasafisha njia mbele yao, na kila treni ya mizigo iliyo kati yao inalazimika kutafuta pa kujificha.

Sasa jitie katika nafasi ya anayeongoza treni. Una mzigo unaopanda, umeshapita Mariakani, na una abiria wanaoshuka ambao wanakaribia kutoka Voi. Huwezi kuuachia mzigo uendelee mpaka ukutane nao uso kwa uso. Utausimamisha kwenye kituo kimoja kati ya hapo, abiria wapite, kisha uufungulie. Kwa mtazamaji aliye Maungu au MacKinnon Road maana yake ni hii: muda kidogo kabla ya treni ya abiria kuna nafasi nzuri ya kuona mzigo ukiingia pembeni, na mara tu baada ya abiria kupita kuna nafasi nzuri zaidi ya kuuona ukitoka. Wengi wanaokuja na watoto wao kuangalia treni hufanya kinyume. Abiria wakishapita, wanapunga mkono, wanakunja mkeka na kwenda zao. Kaa. Nusu saa inayofuata ndiyo uliyoijia.

Vituo vya kupishania utavipata bila kumuuliza mtu. Fungua ramani ya picha za setilaiti kwenye simu, ifuate reli kwa kidole kutoka Mariakani kwenda juu, na utaona mahali ambapo mstari mmoja unakuwa miwili au mitatu, kisha unarudi kuwa mmoja. Weka alama kila penye hali hiyo. Halafu tafuta ni kipi kati ya hivyo kilicho karibu na barabara kuu ya Mombasa, chenye mahali halali pa kusimama. Kazi hiyo ya jioni moja itakuokolea kungoja kwingi juani.

Kilindini ndiko chanzo

Karibu kila treni ya mizigo inayopanda imeanzia bandarini, kwa hiyo anayejua meli anajua treni. Mamlaka ya Bandari za Kenya hutoa orodha ya meli zinazotarajiwa Mombasa kwa siku 14 zijazo: jina la meli, siku ya kufika, aina ya shehena. Meli kubwa ya makontena ikifunga gati, makontena hayaruki moja kwa moja kwenye mabehewa. Hupakuliwa, hupangwa yadini, karatasi zikazunguka. Lakini katika siku zinazofuata reli huchangamka. Zikija meli mbili au tatu za makontena kwa kufuatana, panga mapumziko yako yaangukie hapo. Ukiona orodha imejaa meli za mafuta na za magari, usitarajie mengi: mafuta hupandishwa kwa bomba, na magari mengi huondoka kwa barabara.

Kuna pia misimu ya mbali. Viwanda vya China hufungwa kwa Mwaka Mpya wao, kati ya mwishoni mwa Januari na Februari, na wiki kadhaa baadaye, muda wa meli kuvuka bahari, mizigo hupungua huku kwetu. Nimewahi kuwasikia waendesha bodaboda wa Mariakani wakilalamikia ukavu huo wa biashara bila kuufikiria ulikotoka.

Huko juu, SGR ina bandari kavu mbili zinazopokea: Embakasi jijini Nairobi na Naivasha, pande za Maai Mahiu. Mzigo wa Uganda na nchi za ndani zaidi unaofika Naivasha huweza kuhamishiwa reli ya zamani, kwa kipande kilichojengwa kuziunganisha reli hizo mbili hadi Longonot, ukaendelea kuelekea Malaba.

Kenya inanunua nje kuliko inavyouza. Hilo la magazeti ya uchumi utaliona kwa macho yako ukikaa kando ya reli. Zinazopanda zimebeba mali. Zinazoshuka zimebeba chai, kahawa, na makontena ya majokofu yenye maparachichi, lakini makontena mengi yanayorudi pwani ni matupu. Ongeza na mwinuko wa nchi: Mombasa ni usawa wa bahari, Voi ni mita 600 hivi, Nairobi inazidi mita 1,600. Yenye mzigo ndiyo inayopanda mlima. Nyepesi ndiyo inayoteremka. Kwa hiyo sauti peke yake yaweza kukuambia inakokwenda kabla hujaiona.

Sikio kwanza

Chuma za SGR zimechomelewa zikawa mkono mmoja mrefu, bila yale maungio ya kila hatua chache yanayofanya reli ya zamani ipige tagada-tagada. Matokeo yake, treni ya SGR yaweza kuwa karibu nawe kuliko unavyodhani. Usingoje kusikia magurudumu. Sikiliza injini.

Inayopanda ikiwa na mzigo hunguruma kwa sauti nzito isiyobadilika, na mara nyingi huvutwa na injini mbili. Kwenye ubavu wa mlima unaisikia dakika kadhaa kabla haijatokeza. Inayoshuka huja na injini iliyotulia, na badala yake unasikia breki zikikwaruza na makontena matupu yakitoa mwangwi. Upepo nao una neno. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, hutokea kusini na kusini-mashariki, na hukuletea mapema honi ya treni inayotoka upande wa Mombasa huku ikiimeza ya ile inayotoka Mtito Andei. Wakati wa kaskazi hesabu hubadilika. Alfajiri, hewa ikiwa baridi na tulivu, sauti husafiri mbali kuliko saa yoyote nyingine. Saa saba mchana, jua la Taru likiwa utosini, hata jicho halifai kitu: hewa juu ya kokoto inacheza kiasi kwamba treni iliyo mbali inaonekana imevunjika vipande.

Kuhusu mwanga, reli hii inakwenda kaskazini-magharibi na kusini-mashariki, jambo linalorahisisha mambo. Asubuhi simama upande wa kaskazini-mashariki wa reli. Hapo jua liko mgongoni mwako, na treni inayoshuka Mombasa inakuja uso wake ukiwa umewaka. Alasiri hamia upande wa pili, uingoje inayopanda. Vumbi jekundu la Tsavo, linalochukiza macho saa sita, saa kumi na moja na nusu jioni huipamba picha bila gharama.

Pa kusimama

Mahali bora ni juu, mbali kidogo, nje ya uzio. Barabara kuu inavuka SGR kwa madaraja mahali kadhaa, na ukisimama penye nafasi ya waendao kwa miguu, si penye kona ambapo malori yanakupita kwa kasi, unaiona treni nzima kuanzia kichwa hadi mkia. Kontena hufunuka vizuri zaidi kutoka juu. Kutoka chini ya tuta utaona magurudumu na anga.

Vilima vya Voi vinafaa pia. Ukiwa mwinuko unaotazama bonde, kilomita mbili kutoka kwenye reli, hutasoma namba za injini, lakini utaona kitu ambacho aliye karibu hakioni kamwe: mzigo umesimama pembeni, abiria wanapita, mzigo unaanza kuvutika taratibu, yote katika mtazamo mmoja. Kwa anayeanza ningemshauri apande huko kwanza, akiwa na darubini ya kawaida, ndipo baadaye asogee karibu.

Kwa reli ya zamani, MacKinnon Road ni pazuri na pana sababu ya ziada: msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah uko kando kabisa ya reli, wasafiri husimama kuomba dua, kuna maji na kuna watu. Ukikaa mahali penye watu hushukiwi, na huibiwi.

Onyo moja kuhusu Tsavo. Zile njia za chini zilizojengwa ili ndovu wavuke reli si kivuli cha kupumzikia. Zinatumika. Nyayo utaziona mwenyewe.

Kuisoma ikishafika

Treni ya mizigo kwenye SGR imekadiriwa mwendo wa juu wa kilomita 80 kwa saa, ya abiria 120. Mabehewa ya makontena yana urefu wa karibu mita 14, kila moja likibeba kontena moja la futi 40 au mawili ya futi 20. Hapo una kipimo cha mwendo bila kifaa chochote. Chagua nguzo ng'ambo ya reli, hesabu mabehewa yanayoipita kwa sekunde 10, zidisha kwa 5. Yakipita mabehewa 12, inakwenda kilomita 60 kwa saa. Kwa mwendo huo treni ya mabehewa 54 inamalizika mbele yako kwa sekunde 45 tu. Ndiyo maana lazima uamue kabla haijafika utatazama nini. Anayetaka kuona vyote haoni kimoja.

Amua injini, ukiwa mgeni. Injini za mizigo za SGR ni aina ya DF8B, za abiria ni DF11, na zile ndogo za kusukumasukuma mabehewa yadini ni DF7G. Zote zinatoka China, na zote ni za dizeli. Aina na namba vimeandikwa ubavuni. Kwenye reli ya zamani namba inakuambia zaidi, kwa sababu tarakimu mbili za mwanzo ndizo kundi lake: injini yenye namba inayoanza na 93 ni ya kundi la 93, zilizotengenezwa Marekani na General Electric na kuletwa miaka ya 1970 mwishoni. Kumwona mzee wa umri huo bado anavuta mizigo ni jambo ambalo SGR haiwezi kukupa. Anayetaka kujua ni nini kilichovuta mizigo kabla yake aende Jumba la Makumbusho ya Reli, Nairobi, akaone injini ya mvuke namba 5918, Mount Gelai, ya kundi la 59. Asimame karibu na magurudumu yake; picha haitoshi.

Ukishazoea injini, hamia makontena, na hapa ndipo mchezo unaponoga. Kila kontena lina herufi nne na tarakimu saba. Herufi tatu za mwanzo ni za mwenye nalo, ya nne karibu siku zote ni U. MSCU ni la MSC, MSKU la Maersk, CMAU la CMA CGM. Rangi husaidia kwa mbali: waridi iliyokolea ni ONE, kijani huwa Evergreen, chungwa ni Hapag-Lloyd. Ila rangi hudanganya, maana makontena hukodishwa na kuuzwa. Herufi ndizo za kuaminiwa. Chini ya namba kuna msimbo wa alama nne, herufi na tarakimu. 22G1 ni kontena la kawaida la futi 20. 45G1 ni la futi 40 lililo refu kwenda juu. Ukiona R mahali pa G, kama 45R1, hilo ni jokofu, na kama linashuka kwenda Mombasa msimu wa maparachichi, unaweza kukisia kilichomo bila kumuuliza mtu.

Tarakimu ya saba, ile iliyotengwa kwenye kisanduku chake, ni ya ukaguzi. Hupatikana kwa hesabu. Herufi hupewa thamani kuanzia A kuwa 10, ukiruka 11, 22 na 33, hadi Z ambayo ni 38. Kisha alama zote kumi huzidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea hadi 512, jumla ikagawanywa kwa 11. Baki ndiyo tarakimu yenyewe. Baki ikiwa 10 huandikwa 0. Faida kwako ni kwamba ukisoma namba kwa haraka na ukakosea tarakimu moja, hesabu itakukatalia jioni ukiwa nyumbani. Wanangu wa kidato cha kwanza walifurahia hesabu hiyo kuliko kitu chochote cha kitabu chao.

Si makontena peke yake. Kuna mabehewa ya ngano, ya mbolea, ya klinka ya viwanda vya saruji, na ya vyuma. Reli ya zamani imekuwa ikiteremsha magadi kutoka Ziwa Magadi kupitia Konza tangu tawi lile lijengwe miaka ya 1910; behewa la magadi hujulikana kwa unga mweupe uliogandia kingoni. Ukikuta behewa la tangi lina kibao cha rangi ya chungwa, soma namba ya chini: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli. Hapo ongeza hatua zako za kurudi nyuma.

Daftari kabla ya kamera

Kamera inamnyang'anya anayeanza treni yake ya kwanza. Sekunde 45 zinaishia kwenye kioo cha simu, na picha yenyewe inatoka na ukungu. Beba daftari dogo na penseli, maana kalamu ya wino husumbua juani. Andika tarehe, saa, mahali, inapanda au inashuka, namba za injini, idadi ya mabehewa, mzigo wa jumla, na treni ya abiria ya mwisho kupita ilikuwa saa ngapi. Hilo la mwisho wengi hawaliandiki, nalo ndilo lenye thamani kuliko yote. Baada ya miezi michache utaanza kuona mpangilio wa mahali pako: labda kila ya abiria ya alasiri inapopita Maungu, ndani ya muda fulani hufuata mzigo unaopanda. Mpangilio huo hakuna atakayekuuzia.

Waulize pia wenyeji. Mama anayeuza maembe karibu na kivuko, mlinzi wa godauni, mchungaji: hawa wanajua, ila hawajui kwamba wanajua. Usimuulize mtu treni inapita saa ngapi. Atakutajia ya abiria. Muulize kama ile ndefu ya makontena ilipita kabla au baada ya adhuhuri jana. Utapata jibu.

Ukipiga picha, usimulike flashi wala tochi kumwelekea dereva usiku. Na droni iache nyumbani: Kenya inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na juu ya reli utaulizwa maswali hata ukiwa nacho.

Usishukiwe, usiumie

Chuma, kokoto na nyaya za reli huibwa, na polisi wanaolinda wana haki ya kumtilia shaka mtu aliyekaa karibu na uzio kwa saa nne akiandika namba. Maliza shaka hiyo mapema. Siku ya kwanza jitambulishe kwa mzee wa mtaa au watu wa Nyumba Kumi, waambie unafanya nini, waoneshe daftari. Askari akija, msalimie wewe kwanza, simama, eleza kwa sentensi mbili. Akikuambia ondoka, ondoka. Kubishana kuhusu haki zako kando ya reli hakujamletea mtu treni. Ndani ya stesheni, yadini na bandarini usipige picha bila ruhusa.

Uzio wa SGR usiuruke, hata ukiona pengo ambalo mbuzi wamelizoea. Treni iliyojaa, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, huhitaji kilomita nzima au zaidi kusimama, na dereva akikuona hana la kufanya ila kupiga honi. Kwenye reli ya zamani, isiyo na uzio, kaa hatua kumi na tano au zaidi kutoka kwenye chuma. Kamba au turubai lililolegea kwenye behewa hufika mbali. Usiweke sikio wala sarafu juu ya reli. Huo ni mchezo wa filamu. Njia yenyewe usiipite kwa miguu hata kama vijiji vyote hupita. Na kama umekuja na watoto, mpe mmoja kazi ya kuhesabu, mwingine kazi ya kutazama saa, wewe washike mikono wote wawili.

Walio kwingine

Walio Nairobi hawahitaji kufika Voi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi SGR inapita juu ya daraja la kilomita 6 hivi kuelekea Naivasha, na kiingilio cha hifadhi kinakupa twiga na makontena kwa tiketi moja. Walio Tanzania wana mchezo mwingine kabisa. Reli ya TAZARA, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilomita 1,860, ina upana wa milimita 1,067, wakati Reli ya Kati ya zamani ni ya mita moja. Milimita 67 hizo zinatosha kuzuia behewa la huku lisiingie kule. Reli hizo mbili hukutana Kidatu, mkoani Morogoro, ambako kuna kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa la reli moja kwenda la nyingine. Ni miongoni mwa mahali pachache Afrika Mashariki unapoweza kuona mabehewa ya geji mbili yamepangwa ubavu kwa ubavu. Kabla ya kuteremka kutoka Mikumi, ulizia kama wiki hiyo kuna mzigo wa kuhamishwa, na uombe ruhusa ya kuingia, maana kwa nje hutaona kitu.